Nguo za Mutahi

Katika ukoo mzima wa marehemu Mutahi hakukuwa na mtu ambaye Waithira hakuwahi kumvisha kitu. Watoto walikwenda shule na sweta zake, wazee walifunika magoti kwa mablanketi yake, na ukiingia nyumba yoyote ya jamaa zake, kuanzia Kamakwa pale Nyeri hadi Karatina, ungekuta makochi yamevikwa vitambaa vyake vyeupe vyenye maua pembezoni, na mwenye nyumba akikutazama kwa jicho la pembeni usije ukaviegemea na kichwa chenye mafuta. Hakuuza hata kimoja. Aliyemshauri afungue duka alijibiwa kwa kicheko.

"Nikianza kuuza nitashonea watu sijui," alisema. "Mimi napenda kujua shingo ya mtu kabla sijamfumia kola."

Mumewe alipokuwa hai, kazi hiyo yote ilifanyika sebuleni, katikati ya vikombe vya chai na magazeti. Mutahi alikuwa fundi wa malori, na kando ya nyumba alikuwa na stoo ya vipuri, yenye mianya ambayo upepo uliingia na kutoka utakavyo. Alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, Waithira alikaa muda mrefu bila kugusa sindano. Kisha siku moja akagawa vile vipuri, akaitia stoo dari ya mbao, akaziba kila mwanya kwa saruji, na kuigeuza chumba cha kushonea. Dirisha aliliangikia pazia zito lenye bitana ya blanketi. Chini ya mlango aliweka mto mrefu, mwembamba kama nyoka, alioujaza matambara, wa kuzuia baridi isipenye. Kikawa chumba cha kupendeza kweli. Ukiingia, ulisikia mlango ukijifunga nyuma yako taratibu kama kifuniko cha sufuria.

Mwenzake katika chumba kile alikuwa Rehana wa Majengo, mjane kama yeye, aliyekuwa na kibanda cha nyuzi na leso karibu na msikiti. Urafiki wao ulianza zamani, binti zao Anita na Salwa walipokuwa darasa moja na mama zao wakatakiwa kushona nguo za tamasha la shule. Binti wote wawili walikuwa wameshaolewa mbali, lakini mama bado walikutana kila Alhamisi, mmoja akikanyaga cherehani na mwingine akifuma, wakizungumza au wakinyamaza, ilivyowajia.

Nguo za Mutahi zilikuwa ndani ya sanduku la bati. Siku ya mazishi, Watiri, dada mkubwa wa Mutahi, alikuwa amesema zichomwe, ndivyo ilivyofaa kwa nguo za maiti. Waithira aliitikia ndiyo, kisha akalifunga sanduku na kulisukuma chini ya kitanda. Halikuguswa tena mpaka simu ilipopigwa kutoka Doldol, ambako Anita aliishi na mumewe, Gatimu. Anita alikuwa amejifungua mtoto wa pili wa kiume. Wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo huyu, kwa desturi, alipewa jina la babu mzaa mama. Mutahi alikuwa amerudi duniani.

Waithira alilia kwa furaha, akafunga simu, akalivuta sanduku lile. Alijua papo hapo atakachokishona. Blanketi la viraka, la shati la kanisani, suruali ya kaki, koti la kodrai ya kahawia, tai ile ya harusi ya Anita. Mjukuu atalala ndani ya babu yake.

Ilikuwa Julai, msimu ambao ukungu hushuka Nyeri asubuhi na ukakataa kuondoka, mlima ukasahaulika kama hauko, na jua la adhuhuri likawa doa jeupe tu. Waithira alijaza jiko makaa, akangoja yashike vizuri nje, akaliingiza chumbani na kuliweka pembeni. Akafunga mlango. Akatandaza koti la kodrai mezani na kutia makasi kwenye kola.

Kichwa kikaanza kumgonga.

Alidhani ni huzuni. Aliendelea kukata, vipande vikaongezeka, na kile kichwa kikazidi, kikamshika paji la uso kama kilemba kilichokazwa. Alipotoka kwenda kuchota maji alipepesuka akashika ukuta. Nje, hewani, akapata nafuu.

Alhamisi Rehana alikuja na nyuzi za buluu. Walipiga bandi viraka, kwa mishono mirefu ya kushikiza tu, wakavipanga sakafuni na kuvibadilisha, kaki huku, kodrai kule. Mazungumzo yalikuwa matamu mwanzoni. Kisha Rehana akavua miwani na kujisugua macho.

"Mama Anita, leo siko sawa. Naona sindano mbili."

"Ni presha?"

"Itakuwa presha. Na nimekunywa dawa."

Waithira hakumwambia kwamba naye moyo ulikuwa ukimwenda mbio na magoti yamelegea. Aliona haya. Ilikuwa imeanza kumjia fikra ambayo hakutaka kuisema mbele ya mtu: kwamba haumwi akiwa jikoni, wala kanisani, wala shambani. Anaumwa akiwa na nguo zile tu.

Wiki iliyofuata paka alikufa. Alikuwa paka mzee wa rangi ya majivu, na tangu baridi ianze alipenda kulala chini ya meza, ndani ya kikapu cha mabaki ya vitambaa. Waithira alipovuta kikapu achukue kipande, alimkuta amejikunja vizuri, uso umetulia, mwili mzito na laini. Chini yake palikuwa na mkono mmoja wa shati la Mutahi.

Watiri alifika siku hiyohiyo kutoka Karatina, kama kwamba kuna aliyemwita. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyezeeka akiuza karoti na viazi kwenye soko kubwa, mwenye sauti ya kushinda kelele za malori. Alimletea wifi yake ndizi na habari za ukoo. Alipomkosa Waithira sebuleni, aliingia chumba cha kushonea bila kubisha, akaketi, akaambiwa habari ya paka, akaanza kusimulia. Alipomaliza kikombe cha chai alinyamaza ghafla. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Aliinuka, akakimbilia nje, akatapika kwenye migomba.

Aliporudi hakuingia. Alisimama mlangoni akalitazama blanketi mezani.

"Hiyo kodrai ni ya nani?"

Waithira aliuvuta uzi mezani.

"Mama Anita, nimekuuliza. Hiyo ni koti ya ndugu yangu?"

"Ni yake. Namshonea mtoto."

"Nilikuambia uchome." Sauti yake ya soko ilikuwa imeshuka ikawa ya kawaida, na hilo ndilo lililomtisha Waithira. "Unajua thahu wewe. Mama yako alikufundisha. Nguo ya mtu amekufa inabaki na kifo chake. Na wewe umeikata na makasi, umefungua. Umetoa nje kitu ilikuwa imelala."

"Ni nguo tu, Mama Muriithi."

"Paka imekufa na nini?"

Waithira alikuwa Mkristo, hakuwa mtu wa kuogopa mikosi, na thahu, unajisi wa kifo kwa Kikuyu, lilikuwa neno la utotoni, neno la nyanya zake walipowakataza watoto kugusa maiti au kuvuka kaburi. Lakini neno lililolala miaka yote hiyo lilipotamkwa pale mlangoni, aliona limeketi mahali pake kama ambalo halikuwahi kuondoka.

Alipomweleza Rehana, Rehana alitikisa kichwa. "Sisi mtu akifa, nguo zake tunazitoa sadaka. Nusu ya Majengo inatembea na nguo za marehemu na hakuna aliyekufa kwa hizo. Na vile vipande ulivyonipa nikapige bandi nyumbani, nililala navyo kando ya mto wangu. Sikuumwa hata ukucha."

"Wewe si wa ukoo wake."

"Na kichwa changu je? Kiliniuma hapa hapa kwako."

"Ulisema ni presha."

Rehana akavaa miwani yake. Ni kweli alisema hivyo.

Wangemaliza ubishi ule kwa kucheka, kama mengine, lakini Anita alikuja. Gatimu alimleta kwa gari la rafiki yake, akala chakula cha mchana, akarudi Doldol alikomwacha kifungua mimba wao kwa jirani. Mtoto alikuwa mnono, mwenye paji pana la babu yake. Waithira alimpokea kwa mikono yote miwili. "Karibu mzee wangu," alimwambia. "Ulichelewa wapi?"

Chumba cha kushonea kilikuwa ndicho chenye joto kuliko vyote, kwa hiyo ndimo Anita alimokaa na mwanawe. Blanketi lilikuwa limebaki upindo tu. Waithira alimfunika mtoto nalo ili waone ukubwa, na Anita akapiga picha kwa simu akamtumia mumewe. Kisha mama na binti wakakaa kufuma soksi. Nje mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Jiko liliwaka jekundu bila moshi wala harufu.

"Mama, kichwa inaniuma," Anita alisema baada ya muda.

Waithira aliinua macho. Mtoto alikuwa amelala sana. Alikuwa amelala tangu alipofunikwa, bila kudai maziwa, na mkono wake uliotoka nje ya blanketi ulining'inia kama soksi tupu. Anita alimwinua na kumpa titi. Hakulishika. Akamgusa shavu, akamwita, akampulizia usoni, na kichwa cha mtoto kikaanguka upande.

Walitoka naye mbio mpaka barazani. Waithira alilivua lile blanketi akalitupa chini, akamsugua mtoto mgongo, akimwita jina la mumewe, akilirudia. Mtoto akakohoa. Akatapika kidogo, akalia kwa sauti nyembamba, kisha kwa sauti kubwa. Walipofika kliniki alikuwa amechangamka. Muuguzi alimpima kifua na joto, hakuona kitu, akasema huenda ni homa ya mafua, wamweke pahali penye joto.

Watiri alipopata habari hizo alikuja na mfuko wa nguo. Alikuwa amekuja kukaa.

"Anamtaka," alisema. Walikuwa barazani, Anita akiwa amempakata mtoto kifuani ndani ya koti lake. "Ndugu yangu alinipenda mimi, alikupenda wewe, alipenda huyu msichana. Lakini mtu akikufa hajui tena. Anaona jina yake inatembea, anaona nguo yake imewekwa juu ya hiyo jina, anafikiri ni yeye. Anakuja kuchukua."

"Tata, usiseme hivyo," Anita alimwambia shangazi yake, lakini alikuwa akilia.

Waithira alitaka kubisha. Alimtazama binti yake, akamtazama mtoto, na ubishi wote ukamwisha. Alikuwa akilikumbuka kile kichwa kidogo kilichoanguka upande, na jinsi mtoto alivyopata uhai pale alipomvua blanketi. Aliliona kwa macho yake. Mtu akisikia anaweza kukana, akiona atakana nini?

Alilichoma mwenyewe, nyuma ya nyumba, mchana. Alimwaga mafuta ya taa, akawasha, akasimama karibu kuliko ilivyofaa. Shati na tai vilikwenda upesi. Kodrai ilikataa, ilijikunja, ikatoa moshi mzito wa kahawia, na kwa muda mrefu viraka vyake vilibaki vyeusi na vizima, vimeshikana kwa ile mishono midogo aliyoipiga kwa mkono. Watiri alivigeuza kwa fimbo mpaka vikawa majivu.

Rehana aliwakuta hapo. Alikuwa amekuja na uzi wa kumalizia upindo. Aliutazama moto, akaitazama mikono ya rafiki yake.

"Mama Anita. Ni lile?"

"Ni lile."

"Mimi na wewe tumelishona tangu baridi ianze."

"Mtoto alikuwa anakufa, Mama Salwa. Ungefanya nini?"

"Ningeuliza tena," Rehana alisema. Aliweka ule uzi juu ya jiwe la kufulia, akajifunga mtandio vizuri na kuteremka njia ya mjini. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala ile iliyoifuata.

Na kweli mambo yakatulia. Ukungu uliondoka, likatoka jua ambalo halikutarajiwa, mlima ukaonekana asubuhi na theluji yake, na watu wakaanika nguo na mahindi. Wanawake wale watatu walishinda uani. Hakuna aliyeumwa kichwa. Mtoto alinyonya mpaka akacheua. Waithira alianza blanketi jingine, la kufuma, kwa nyuzi mpya za dukani ambazo hazikuwahi kuvaliwa na mtu, na Watiri akaomba afundishwe.

Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kuosha karoti miaka yote ile, na mwanzoni alishika sindano kama anayechimba. Lakini hakukata tamaa. Alikuwa akifuma kofia ya mtoto, akiifumua, akiianza upya, akijicheka. Waithira hakuwahi kumwona hivyo. Wifi aliyemwogopa tangu siku ya ndoa yake alikuwa sasa ameketi miguu ameinyosha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akihesabu vitanzi kwa kunong'ona.

"Mutahi alipokuwa mdogo nilikuwa nambeba mgongoni nikienda kuteka maji," alisema siku moja. "Alikuwa mzito. Sikuwahi kumwambia nimechoka." Akaendelea kufuma. "Sasa ametulia. Unaona ametulia."

Waithira aliitikia. Lakini jioni, akifagia, aliona kile chumba kimefungwa, pazia limeteremshwa, na mwili ukamsisimka bila sababu. Alijiambia ni baridi inarudi.

Ilirudi kweli. Ukungu ulishuka mzito kuliko mwanzo, ukakaa juu ya mabati. Asubuhi hiyo walihamia tena chumbani, wote wanne, na ni Watiri aliyewasha jiko na kuliingiza ndani akilipepea kwa kifuniko. Waithira alikuwa amebakiza mistari michache ya blanketi, na uzi wa manjano ukamwishia.

"Nitashuka mjini mara moja," alisema.

"Nenda," Watiri alisema. "Nikimaliza hii masikio ya kofia utanikuta nimekuwa fundi."

Anita alikuwa kitini karibu na mlango, mtoto mgongoni ndani ya shuka, akitikisika kidogo ili amlaze. Redio ilikuwa ikitangaza vifo. Waithira alitoka, na nyuma yake akamsikia Watiri akiurudisha ule mto wa matambara kwa mguu, kuziba chini ya mlango.

Uzi wa manjano wa aina ile ulikuwa kwa Rehana peke yake. Alisita njiani, kisha akaenda. Rehana alimpimia uzi. Waithira akasimama pale kibandani, mkoba mkononi, hakuondoka.

"Nimekukosea," alisema. "Lile blanketi lilikuwa lako pia."

Rehana alikunja leso moja, akaikunjua. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Tangu siku ile hatujaumwa. Hata leo nimewaacha wamekaa ndani vizuri, na jiko."

"Siku zote hizo mlikaa wapi?"

"Nje. Kulikuwa na jua."

Rehana aliacha leso. Alikuwa na sura ya mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Kwa hiyo tangu mlichome, leo ndiyo mara ya kwanza mnaingia mle?"

"Ndiyo."

"Na jiko limewashwa."

"Baridi hii, Mama Salwa, utakaa bila jiko?"

Rehana alikuwa tayari anateremsha turubai la kibanda. Hakueleza kitu, kwa sababu hakuwa na hakika ya kitu. Alisema tu, "Twende," na njia nzima hakuachia mkono wa Waithira.

Getini walisikia redio. Ilikuwa ikiimba nyimbo za injili kwa sauti ya juu, na chini ya nyimbo zile hapakuwa na sauti ya mtu. Waithira aliita. Akasukuma mlango, ukakataa. Kulikuwa na kitu kizito nyuma yake. Rehana akaweka bega, wakasukuma pamoja, ukafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu.

Anita alikuwa ameanguka kifudifudi, mkono mmoja ukiwa juu ya ule mto wa mlangoni, kama aliyekuwa akitaka kuuondoa. Mtoto alikuwa bado mgongoni. Walimburuta nje wakiwa wamemshika makwapani, Rehana akafungua shuka, akamgeuza mtoto uso juu hewani. Alikuwa akipumua. Pumzi zilikuja kwa nadra, lakini zilikuwapo.

Waithira alirudi ndani. Watiri alikuwa kitini, miguu ameinyosha, sindano mapajani, kofia ikiwa imefika kwenye sikio la pili. Midomo yake ilikuwa imekolea rangi kama ya mtu aliyetoka kula matunda. Alionekana mwenye afya. Alionekana kijana. Waithira alimwita "Mama Muriithi," kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwita jina lake, na kumtikisa, na kichwa cha Watiri kikalala begani kwake kwa upole.

Jirani yao Kingori aliwapeleka hospitalini kwa pikapu yake. Anita na mtoto waliwekewa oksijeni. Daktari aliyewapokea, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliuliza swali moja tu kabla hajauliza majina.

"Mlikuwa na jiko ndani?"

Waithira akasema ndiyo.

"Madirisha yamefungwa?"

Ndiyo. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Yeye ndiye aliyefunga.

Daktari alimweleza polepole. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Ikikosa pa kutokea hujaa chumbani, huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, magoti kulegea, na anayesinzia humo haamki. Mtu akitoka nje mapema hupata nafuu. Huona wengi kila msimu wa baridi, alisema. Waithira aliketi akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akiona moshi wa kahawia nyuma ya nyumba yake, na viraka vilivyokataa kuungua.

Rehana alikuwa karibu naye, mkono wake juu ya goti lake. Hakusema kitu kuhusu blanketi.

Anita aliamka kesho yake, akauliza mtoto. Mtoto alikuwa amelala kando, mrija puani, akinyonya hewa. Watiri hakuamka.

Walimzika Karatina, kwenye shamba la mwanawe Muriithi, siku ya mvua. Waithira alikwenda na Rehana. Anita alibaki na mtoto, kwa shauri la daktari. Watu walimpa Waithira mkono, wakamwambia pole, lakini aliona jinsi walivyoushika, kwa ncha za vidole, na kuuachia upesi. Alimweleza Muriithi yote aliyoambiwa hospitalini. Muriithi, mtu mzima mwenye mvi, alisikiliza kwa heshima akitazama chini.

"Nimesikia, mama," alisema. "Lakini mama yangu aliniambia kwa simu kuhusu hizo nguo. Alisema mjomba alikuja kwa mtoto akamkosa." Alitazama kaburi. "Mlikuwa wengi kwa hiyo chumba. Mbona achukue dada yake tu?"

"Hakuna aliyechukua mtu, Muriithi. Ni jiko."

"Tumekaa na majiko tangu tuzaliwe," alisema, bila ukali, akaenda kupokea wageni.

Mvua ilizidi. Wanawake walioachiwa kupika waliingia jikoni, kibanda cha mabati kilichozibwa mianya yote, na wengine wakafuata kukwepa matope. Makaa yalikuwa mengi, mekundu, chini ya sufuria za maharagwe. Walikaa karibukaribu kwenye viti vidogo, mabega yakigusana, na wakaanza kuzungumza juu ya nguo za maiti. Mmoja alimjua mtu wa Kagio aliyevaa viatu vya marehemu kaka yake, naye hakumaliza mwezi. Mwingine alisema nguo za Watiri zichomwe jioni hiyohiyo, zote, na zile sindano pia. Mtu aliyekuwa nyuma akaufunga mlango, upepo usiingize mvua.

Waithira aliinuka, akapita katikati ya magoti yao, akaufungua.

"Baridi, mama," msichana mmoja alisema, akaurudisha.

Waithira aliufungua tena. Safari hii alichukua kiti chake, akakiweka palepale kizingitini, akaketi, mgongo nje kwenye mvua. Wanawake walimtazama, wakatazamana. Mmoja wao alitamka kitu kwa sauti ya chini, na aliyekuwa karibu na Waithira akakisogeza kiti chake mbali kidogo.

Rehana alikuja kutoka uani, akauona mlango ulivyokuwa, akatafuta kiti. Hakukipata. Akasimama nyuma ya rafiki yake na kumfunika mabega kwa mtandio wake, na maji yakaanza kuzilowesha nywele zake mwenyewe.